Dar es Salaam, Mombasa na Nakuru: Majirani na Mwisho wa Dola ya Wareno katika Afrika

Maandishi mengi yahusuyo mwisho wa utawala wa Wareno katika Afrika huanzia Lisbon, alfajiri ya tarehe 25 Aprili 1974, wakati vifaru vilipoingia mjini na serikali ya Marcelo Caetano ikaanguka kabla ya siku kwisha. Mwanzo huo una sababu yake, kwani pasipo mapinduzi hayo vita vingaliendelea kwa miaka mingine mingi. Walakini mwenye kuanzia Lisbon hulazimika kukabiliana na swali ambalo Lisbon pekee haiwezi kulijibu. Kwa nini dola moja, iliyoanguka siku moja kwa mikono ya maaskari wale wale, iliiacha Msumbiji chini ya serikali moja iliyopokea madaraka bila ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ikaiacha Angola mikononi mwa majeshi matatu huku jeshi la nne likivuka mpaka kutoka kusini?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika miji mitatu ya Afrika Mashariki. Mjini Dar es Salaam, mwaka 1962, vyama vitatu vya Msumbiji viliungana kabla risasi ya kwanza ya vita vya ukombozi haijalia. Mombasa na Nakuru, mwaka 1975, vyama vitatu vya Angola viliandikiana mapatano baada ya kuchukiana kwa zaidi ya miaka kumi. Umoja uliotangulia vita na umoja uliotafutwa baada ya vita ni vitu viwili mbalimbali, na tofauti yao ilionekana katika siasa za kusini mwa Afrika kwa muda wa miaka kumi na mitano iliyofuata.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, Mreno si mgeni wa jana. Alifika na Vasco da Gama mwaka 1498, akaanza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, akaipoteza kwa Waomani mwaka 1698, akairejesha kwa muda mfupi mwaka 1728, na mwaka uliofuata akaondolewa moja kwa moja. Aliacha maneno: meza, bendera, leso, mvinyo, karata. Neno gereza, ambalo asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa, limewashughulisha wanaisimu wengi, kwa kuwa ngome ile ile iliyokuwa na kanisa ndani yake ilikuja kutumiwa na Waingereza kuwa jela hadi mwaka 1958. Ingawa yumkini neno lilikuwa limekwisha kuhama maana zamani kabla ya Mwingereza kufika. Kaskazini ya Mto Ruvuma, basi, Mreno alibaki katika msamiati. Kusini ya mto huo alibaki katika kiti cha enzi, na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

Katika miaka ya 1950 na 1960 Uingereza, Ufaransa na hata Ubelgiji zilikuwa zikifunga virago, kwa hiari au kwa kusukumwa. Serikali ya António Salazar ilijibu dhoruba hiyo kwa kubadili jina. Mwaka 1951 makoloni yakaitwa majimbo ya ng'ambo, na kwa mujibu wa sheria hapakuwa tena na koloni la kukombolewa. Wengi wameliona jambo hilo kuwa ukaidi wa mzee mmoja, lakini ukaidi huo ulikuwa na msingi wa uchumi. Uingereza iliweza kuutoa uhuru wa bendera na kuyabakiza mabenki, makampuni na masoko. Ureno, nchi iliyokuwa maskini miongoni mwa mataifa ya Ulaya ya Magharibi, haikuwa na mtaji wa kutosha kuiongoza Angola au Msumbiji kutoka mbali. Ingeondoka kwa bendera, ingeondoka kwa yote. Kwa hivyo ikapigana: Angola tangu mwaka 1961, Guinea tangu 1963, na Msumbiji tangu tarehe 25 Septemba 1964.

Vita hivyo vitatu viliimeza nchi iliyovianzisha. Vijana wa Kireno walichukuliwa jeshini kwa sheria ya lazima, na wengi walikimbilia Ufaransa kabla ya zamu yao kufika. Huko Guinea, Amílcar Cabral aliuawa mjini Conakry tarehe 20 Januari 1973, lakini chama chake cha PAIGC hakikufa naye. Katika mwaka huo huo wapiganaji wake walipata makombora ya kuangusha ndege, wakawanyang'anya Wareno utawala wa anga, na tarehe 24 Septemba wakatangaza uhuru wa nchi ambayo jeshi la Wareno lilikuwa bado limo ndani yake. Mwezi wa Julai, habari za mauaji ya Wiriyamu katika jimbo la Tete, yaliyofanywa Desemba 1972, zilikuwa zimechapishwa mjini London wakati Caetano alipokuwa akikaribia kufika huko kwa ziara ya heshima. Na hapo ndipo serikali ilipotoa amri iliyowapa maofisa wa muda, waliochukuliwa kwa sheria ya lazima, njia ya mkato ya kupanda vyeo. Makapteni wa kudumu wakakasirika. Malalamiko ya vyeo yakageuka mazungumzo ya siri, na mazungumzo yakafika kwenye swali ambalo kila kapteni aliyepigana Afrika alikuwa amejiuliza. Mnamo Februari 1974 Jenerali António de Spínola, aliyekuwa gavana wa Guinea, alichapisha kitabu kilichosema waziwazi kwamba vita hivyo havingeweza kushindwa kwa silaha. Yale yaliyotokea miezi miwili baadaye yalikuwa yamefunzwa na misitu ya Guinea, nyanda za Angola na uwanda wa Wamakonde.

Habari za Wamakonde zinastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, maana ndizo zinazoiunganisha Msumbiji na Afrika Mashariki. Tangu siku za vita vikuu watu wa Cabo Delgado walikuwa wakivuka Ruvuma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na wengine walifika hadi mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya. Waliorudi kwao walirudi na ujira kidogo, Kiswahili kingi, na mazoea ya lugha ya siasa ya TANU, likiwamo neno uhuru. Tarehe 16 Juni 1960 umati ulikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala huko Mueda kusikiliza majibu ya madai yao, na maaskari wakaufyatulia risasi. Idadi ya waliokufa imebishaniwa tangu siku hiyo. FRELIMO ilishika hesabu ya watu 600. Baadhi ya watafiti waliokuja baadaye wamepata idadi ndogo sana kuliko hiyo. Lililo wazi ni kwamba baada ya Mueda hakuna Mmakonde aliyehitaji kuelezwa Mreno ni nani.

Mwaka uliofuata, vyama vidogo vidogo vya Wamsumbiji waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika na Kenya vilijikusanya katika chama cha MANU, ambacho jina lake lilifuata wazi mfano wa TANU na KANU. Huko Rhodesia ya Kusini wahamiaji wengine walikuwa wameunda UDENAMO, na watu wa Tete waliokuwa Nyasaland wakaunda UNAMI. Kwa hivyo Msumbiji nayo ilikuwa na vyama vitatu, sawasawa na Angola. Kila kimoja kilizaliwa katika koloni jingine, na kila kimoja kilikuwa na sura ya mahali kilipozaliwa. Tarehe 25 Juni 1962 vyama hivyo viliungana mjini Dar es Salaam vikawa FRELIMO, na Eduardo Mondlane, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, akachaguliwa rais.

Shinikizo la Julius Nyerere na la Kwame Nkrumah limetajwa mara nyingi katika habari za muungano huo, na ni kweli. Lakini shinikizo peke yake halitoshi kuwa sababu. Angola nayo ilishinikizwa. Jambo lililotia nguvu maneno ya Nyerere lilikuwa jiografia. Tanganyika, iliyopata uhuru Desemba 1961, ndiyo iliyokuwa nchi huru ya pekee iliyopakana na Msumbiji wakati huo. Silaha, wanafunzi, dawa na fedha zote zilipaswa kupita bandari ya Dar es Salaam, na baadaye kambi za Kongwa na Nachingwea. Mlango ulikuwa mmoja, na mwenye mlango alitaka chama kimoja. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipoundwa mwaka 1963, makao yake yakawekwa mji ule ule. Wale waliojitenga na FRELIMO walijaribu mlango wa pili huko Lusaka, ambako COREMO iliundwa mwaka 1965, lakini haikupata nguvu ya kutosha kuwa jeshi.

Si haki, hata hivyo, kuusifu umoja huo bila ya kutaja gharama yake. Mondlane aliuawa mjini Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mwaka huo huo Lázaro Nkavandame, kiongozi wa Wamakonde katika Cabo Delgado, alijisalimisha kwa Wareno baada ya ugomvi mkali juu ya biashara na madaraka. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais, aliondolewa chamani, na baada ya uhuru akauawa pasipo hukumu ya mahakama. Chama kilichofika Maputo kilikuwa kimejifunza kwamba tofauti ya mawazo ni usaliti. Somo hilo lilikisaidia kushinda vita, na likakidhuru katika kutawala. Wanahistoria waliozoea kuisimulia FRELIMO kama safari iliyonyooka kutoka Nachingwea hadi ikulu wameyapita mambo haya kwa haraka mno.

Kwa vyovyote vile, Lisbon ilipoanguka kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye juu ya Msumbiji. Spínola, aliyekuwa sasa rais wa Ureno, alitamani shirikisho na kura ya maoni. FRELIMO chini ya Samora Machel ilikataa kusimamisha vita kabla ya uhuru kukubaliwa. Maaskari wa Kireno ndio waliokata shauri. Hawakuwa tayari kufa kwa ajili ya nchi iliyokwisha kuamua kuondoka, na mwanzoni mwa Agosti 1974 kambi ya Omar, karibu na mpaka wa Tanzania, ikaingia mikononi mwa FRELIMO bila ya mapigano. Tarehe 7 Septemba mapatano yalitiwa sahihi mjini Lusaka. Siku hiyo hiyo walowezi waliasi mjini Lourenço Marques wakaiteka stesheni ya redio, lakini uasi wao ulizimwa katika muda wa siku chache. Joaquim Chissano akaongoza serikali ya mpito kuanzia tarehe 20 Septemba, na mwezi wa Mei 1975 Machel akavuka Ruvuma kutoka Tanzania, akaitembelea nchi nzima kutoka kaskazini hadi kusini. Uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975, miaka kumi na mitatu kamili tangu siku ya muungano wa Dar es Salaam.

Katika Angola milango ilikuwa mingi. FNLA ya Holden Roberto ilikaa Kinshasa chini ya ulinzi wa Mobutu. MPLA ya Agostinho Neto ilifukuzwa huko, ikapata kituo Brazzaville, kisha ikafungua uwanja wa vita mashariki kupitia Zambia; na mwaka 1974 yenyewe ilikuwa imegawanyika ndani. UNITA ya Jonas Savimbi, iliyoundwa mwaka 1966, ilipoteza nafasi yake Zambia katika mwaka 1967 baada ya kuishambulia Reli ya Benguela, iliyobeba shaba ya Zambia na ya Kongo kwenda baharini. Kila chama kilikuwa na jirani wake, na kila jirani alikuwa na hofu zake. Umoja wa Nchi Huru za Afrika nao uliyumba: ulikitambua chama hiki, kisha kile, mwishowe vyote vitatu.

Kwa hivyo makapteni wa Lisbon walipotaka kukabidhi, hawakujua wamkabidhi nani. Ndipo Kenya ilipoingia. Haikupakana na Angola, wala haikuwa kambi ya chama chochote, na Mzee Jomo Kenyatta alikuwa na heshima ya umri ambayo viongozi watatu waliogombana waliweza kuinamia bila ya kuona haya. Katika siku za kwanza za Januari 1975 Neto, Roberto na Savimbi walikutana Mombasa, si mbali na ngome ambayo Wareno waliipoteza mwaka 1698. Walitambuana, wakakubaliana kwamba Cabinda ni sehemu ya Angola, na wakaafiki msimamo mmoja wa kuzungumza na Ureno. Baada ya siku kumi, tarehe 15 Januari, mapatano ya Alvor yakatiwa sahihi huko Ureno: serikali ya mpito ya vyama vitatu, jeshi moja, uchaguzi kabla ya mwisho wa Oktoba, na uhuru tarehe 11 Novemba 1975.

Mapatano ya Mombasa hudharauliwa mara nyingi kwa sababu hayakudumu. Dharau hiyo imepita kiasi. Pasipo Mombasa pasingalikuwa na Alvor, na pasipo Alvor hata tarehe ya uhuru isingalijulikana. Kasoro yake ilikuwa nyingine. Viongozi walipatana, majeshi hayakupatana. Na hapakuwa na mtu wa tatu mwenye nguvu ya kumzuia atakayevunja ahadi. Jeshi la Wareno lililopaswa kusimamia lilikuwa linafikiria meli za kurudia kwao. Silaha zilizidi kumiminika kutoka Urusi, kutoka Marekani kwa kupitia Zaire, na mwanzoni hata kutoka Uchina. Mwezi wa Machi damu ilikuwa imekwisha kumwagika mjini Luanda.

Kenyatta aliwaita tena, safari hii Nakuru, kuanzia tarehe 16 hadi 21 Juni. Mapatano ya Nakuru ni mojawapo ya nyaraka za kusikitisha katika historia ya mwaka ule, kwa sababu waliotia sahihi walikiri makosa yao wenyewe: kwamba silaha zilikuwa zikiingizwa nchini, na kwamba vyama havikuvumiliana. Ugonjwa ulitambuliwa vema na wagonjwa wenyewe. Mwezi wa Julai MPLA iliitoa FNLA mjini Luanda kwa nguvu, na mapatano yakabaki karatasi. Mwenyeji alikuwa na heshima, naye hakuwa na mlango wa kufunga. Nyerere mwaka 1962 aliweza kuamua nani apitishe bunduki na nani asipitishe. Kenyatta mwaka 1975 hakuweza kuizuia hata risasi moja iliyokuwa ikivuka kutoka Zaire au kushuka bandarini Luanda.

Yaliyofuata yanajulikana. Jeshi la Afrika Kusini liliingia Angola kutoka Namibia mnamo Oktoba. FNLA, pamoja na maaskari wa Zaire, ilisonga kutoka kaskazini ikasimamishwa Quifangondo tarehe 10 Novemba, huku maaskari wa Kuba wakianza kuwasili kuisaidia MPLA. Siku hiyo hiyo kamishna mkuu wa mwisho, Admirali Leonel Cardoso, aliikabidhi nchi kwa watu wa Angola, bila ya kutaja serikali yoyote, akapanda meli. Wareno wapatao 300,000 walikuwa wamekwisha kuondoka Angola. Mnamo Januari 1976 viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa kwa dharura: nchi 22 zilitaka serikali ya MPLA itambuliwe, nchi 22 zilitaka serikali ya umoja, na mbili, Ethiopia na Uganda, hazikuchagua upande. Tanzania na Zambia, ambazo wakati huo zilikuwa zinamalizia ujenzi wa reli moja, zilikaa pande mbili. Hatimaye kuingia kwa makaburu ndiko kuliko­itia MPLA nguvu. Wengi waliokuwa wakisitasita waliona haya kuwa upande mmoja na Pretoria.

Athari kwa majirani zilianzia Rhodesia. Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, miaka kumi kamili kabla ya uhuru wa Angola, akitegemea kwamba mashariki yake yuko Mreno. Wapiganaji wa ZANLA walikuwa wakipitia Tete pamoja na FRELIMO tangu mwishoni mwa 1972; sasa mpaka wote wa mashariki, wenye urefu upatao kilomita 1,200, ukawa wazi. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, aliona upesi kuliko Smith kwamba ukuta umeanguka. Alimlazimisha awafungue viongozi waliokuwa kizuizini, na tarehe 25 Agosti 1975 Vorster na Kaunda wakawakutanisha wapinzani ndani ya behewa lililosimamishwa juu ya daraja la Victoria Falls. Mkutano ulivunjika. Tarehe 3 Machi 1976 Msumbiji ilifunga mpaka wake, ikaikatia Rhodesia njia ya Beira na ya Maputo, na kuanzia hapo Smith akawa anaishi kwa hisani ya reli za Afrika Kusini. Mwezi wa Septemba mwaka huo alikubali hadharani, kwa shinikizo la Vorster na la Henry Kissinger, kwamba utawala wa wengi hauna budi kuja.

Msumbiji ililipa. Majeshi ya Rhodesia yalishambulia Nyadzonya mnamo Agosti 1976 na Chimoio mnamo Novemba 1977, na waliouawa, wakiwamo wakimbizi, walihesabiwa kwa mamia. Nchi iliyofunga mpaka ilipoteza pia ushuru wa bandari na wa reli, na kwa wakati huo huo Afrika Kusini ikapunguza vibarua wa Msumbiji migodini, kutoka zaidi ya 100,000 mwaka 1975 hadi chini ya 50,000 miaka miwili baadaye. Si ajabu kwamba katika mazungumzo ya Lancaster House ya mwaka 1979 Machel alimsukuma Robert Mugabe apatane. Alikuwa rafiki wa Zimbabwe, na alikuwa pia rais wa nchi iliyochoka. Zimbabwe ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980.

Ndani ya Afrika Kusini habari za Msumbiji zilifika kama cheche. Tarehe 25 Septemba 1974 vijana wa chama cha wanafunzi cha SASO na wenzao waliitisha mkutano mjini Durban wa kuishangilia FRELIMO. Serikali iliupiga marufuku, watu wakaja vilevile, na viongozi tisa wakashtakiwa. Mwaka huo huo amri ilitolewa ya kufundishia nusu ya masomo kwa Kiafrikaans katika shule za Waafrika. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana dhidi ya amri hiyo, siku ile ile ambayo Mueda ilitimiza miaka kumi na sita. Tarehe hizo zilikutana kwa bahati tu, lakini si bahati kwamba vijana wa Soweto walikuwa wameona kwa miaka miwili jinsi jeshi la wazungu linavyoweza kuondoka.

Magharibi, SWAPO ilipata kambi kusini mwa Angola, na suala la Namibia likafungwa pamoja na suala la Wakuba mpaka mapatano ya Desemba 1988. Namibia ikawa huru Machi 1990. Reli ya Benguela ilikatika Agosti 1975, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa Julai 1976, ikaelemewa na shaba ambayo haikuweza kuibeba yote. Mnamo 1977 na tena 1978 wapiganaji wenye asili ya Katanga walitoka Angola wakauvamia mkoa wa Shaba, ambao watu wake husema Kiswahili na ambao jina lake lenyewe ni la Kiswahili. Mobutu aliyepeleka maaskari Luanda alipelekewa vita Kolwezi.

Kuhusu RENAMO, ambayo iliundwa na idara ya usalama ya Rhodesia na kurithiwa na Afrika Kusini mwaka 1980, mabishano yamekuwa marefu. Waliosema ni kibaraka tu walisema kweli juu ya asili yake. Hawakueleza kwa nini baadhi ya wakulima, waliokuwa wamehamishiwa vijiji vya pamoja kwa amri na kuona machifu wao wakidharauliwa, hawakuikataa. Chama kilichojifunza vitani kutovumilia upinzani kilimwachia adui wa nje wapinzani wa ndani. Mkataba wa Nkomati wa tarehe 16 Machi 1984 haukumaliza vita. Machel alikufa katika ajali ya ndege huko Mbuzini tarehe 19 Oktoba 1986. Na amani ilitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya vifo vinavyokadiriwa kufikia milioni moja. Angola ilingoja hadi 2002, alipouawa Savimbi. Kwa hesabu hiyo ya mwisho umoja wa Dar es Salaam haukuiepusha Msumbiji na vita. Uliipa miaka michache ya kuwa serikali isiyopingwa, na miaka hiyo michache ndiyo iliyotosha kuibadili Rhodesia.

Limebaki suala la lugha. FRELIMO iliyofunzwa Kongwa na Nachingwea, na ambayo wapiganaji wake wengi wa kaskazini walielewana kwa Kiswahili, ilichagua Kireno kuwa lugha ya taifa zima, kwa hoja kwamba hakuna lugha ya Kiafrika iliyoweza kupewa cheo bila ya kuyaudhi makabila mengine. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1980 takriban robo tu ya wananchi ndio walioweza kusema Kireno, na kwa mtu mmoja hivi katika mia kilikuwa lugha ya kwanza. Hoja ya umoja ilikuwa ya kweli. Lakini ilimaanisha pia kwamba robo tatu ya watu walitawaliwa kwa lugha wasiyoijua, kama zamani. Jambo hili lina mvuto kwa msomaji wa Kenya, ambako bunge lilianza kutumia Kiswahili mwaka ule ule wa 1974. Jumuiya ya nchi tisa iliyoundwa Lusaka mwezi wa Aprili 1980 kujitoa katika utegemezi wa Afrika Kusini, ambayo tangu 1992 huitwa SADC, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, kando ya Kireno.

Wamakonde waliobaki Kenya hawakuhesabiwa na upande wowote. Msumbiji ilipata uhuru wakiwa Kwale. Wengi hawakurudi, na watoto wao walikua pasipo kitambulisho cha nchi yoyote. Mnamo Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, na mwaka 2017 walitangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.